Huyu anaharibu au anatengeneza? Hotirodi ya jadi inavyojengwa gereji ya nyumbani

Mpwa wangu aliye Tanga alinitumia video fupi. Mzee wa Kizungu, miwani ya kuchomelea kaipandisha utosini, amekata nguzo zote za Ford ya miaka ya 1930, na yeye na mwenzake wanalinyanyua paa zima kama watu wanaopokezana sinia la pilau. Chini yake kaandika: "Shikamoo mjomba. Huyu anaharibu au anatengeneza?"

Nikaipeleka kwenye grupu la familia, na majibu yakaja haraka. Shemeji yangu akasema wanalirudisha gari la kale katika hali yake ya kwanza. Binamu akasema lile ni chakavu tu, limepakwa mafuta ling'ae. Kijana wa Morogoro akaapa kwamba injini ile ni kali kuliko V8 ya Land Cruiser. Wote watatu hawakupatia, ila naelewa kila mmoja alikotoka, maana hata mimi nilianza hapo hapo. Nilishika spana Gerezani, Dar es Salaam, kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia California. Mlango wa pili na wangu anakaa fundi mstaafu ambaye anajenga gari la namna hii nyumbani kwake, na Jumamosi nyingi mimi ndiye ninayemshikia taa. Ninachoeleza hapa nimekiona kwa macho na kukigusa kwa mikono.

Tuanze na maneno, kwa sababu nusu ya mkanganyiko imelala humo.

Gereji kwetu ni pale kwa fundi: uwanja, mwembe, magari yamepandishwa juu ya magogo. Kwa Wamarekani gereji ni chumba cha nyumba ya mtu, chenye mlango mpana unaopanda juu, na kazi yake ni kulaza gari. Ukisikia mtu kajenga gari gerejini kwake, elewa kwamba kalijenga nyuma ya ukuta wa jiko, mkewe akipika upande wa pili.

Hotirodi ni gari la kawaida la zamani, mara nyingi Ford la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ambalo mwenyewe amelipunguza uzito, amelishusha chini, akalifunga injini yenye nguvu zaidi ili likimbie kuliko lilivyotoka kiwandani. Basi tayari shemeji amejibiwa. Gari likiwa limerudishwa kama lilivyotoka kiwandani, hilo si hotirodi, hata liwe la mwaka ule ule na rangi ile ile.

Neno linalowachanganya wengi zaidi ni hilo la tatu: jadi. Mtu akisikia "hotirodi ya jadi" anadhani kila kipuri kiwe cha asili. Fikiria ngoma ya jadi. Ngozi imebadilishwa mara nyingi, pengine hata mzinga umechongwa mwaka jana, lakini mapigo ni yale ya wazee, na aliyezaliwa kijijini akiyasikia anayajua. Hotirodi ya jadi ni hivyo hivyo. Ni gari linalojengwa kwa namna ambayo kijana wa California angelijenga kati ya mwisho wa miaka ya 1930 na mwanzo wa miaka ya 1960, kwa vipuri na mbinu za wakati huo. Kila mjenzi huchagua mwaka wake na kuusimamia. Jirani yangu amechagua 1950. Akishika kipuri anajiuliza jambo moja tu: mwaka 1950 ningekipata wapi? Akikosa jibu, anakirudisha sandukuni.

Kwa nini Ford, na kwa nini California? Ford Model T ilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zikafika milioni 15. Ikafuata Model A, ya kuanzia mwishoni mwa 1927 hadi 1931, nazo zikapita milioni 4. Maana yake miaka michache baadaye kila uwanja wa vyuma chakavu ulikuwa umejaa vipuri vya bei ya kutupa, na vingi viliingiliana, kama Corolla zinavyopeana vipuri leo. Kisha mwaka 1932 Henry Ford akafanya jambo ambalo watengenezaji wa magari ya bei nafuu hawakuwa wamelifanya kwa wingi ule: akafunga injini ya V8 kwenye gari la mtu wa kawaida, lililouzwa chini ya dola 500. Injini ile ilikuwa na ujazo wa inchi 221 za ujazo, yaani lita 3.6, na nguvu za farasi 65. Vitz ya lita 1 unayoiona kijiweni inafika 70. Najua inashangaza, lakini mwaka 1932 nguvu 65 ndani ya gari la kama tani moja zilikuwa habari kubwa.

Na California ilikuwa na mahali pa kuzitumia. Kaskazini-mashariki mwa Los Angeles kuna mabwawa makavu, Muroc, Rosamond, El Mirage, ambako maji yalikauka yakaacha udongo mgumu, tambarare hadi macho yanachoka. Aliyewahi kuvuka sakafu kavu ya ziwa Amboseli wakati wa kiangazi anaipata picha. Vijana walitoka mjini usiku, wakalala jangwani, alfajiri wakapima mwendo wa magari yao mmoja mmoja. Mwaka 1937 klabu zao ziliunda shirika la pamoja, SCTA, ili mashindano yawe na kanuni na saa ya kuaminika. Baada ya vita, wanajeshi walirudi wakiwa wamejifunza ufundi wa injini za ndege na malori, na mambo yakashika kasi: Alex Xydias akafungua duka la vipuri vya mwendo huko Burbank mwaka 1946, jarida la Hot Rod likaanza Januari 1948, mwaka 1949 wakaanza kukimbia kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, na mwaka 1951 Wally Parks akaanzisha NHRA, chombo kilicholenga kuwatoa vijana kwenye kushindana barabarani.

Nimeisimulia historia hii kwa sababu bila hiyo umbo la gari halieleweki. Madigadi yametolewa kwa sababu ni uzito. Bampa halipo kwa sababu hiyo hiyo. Mbele kumeshuka ili gari lisibebwe na upepo. Paa limekatwa kwa sababu Model A imesimama wima kama kibanda cha mlinzi, na kadiri kibanda kinavyopungua urefu ndivyo upepo unavyopata pa kusukuma padogo. Mpwa wangu, hilo ndilo jibu lako: anatengeneza. Kila kilichokatwa mwanzoni kilikatwa kwa ajili ya mwendo, na urembo ukazaliwa humo.

Sasa nimjibu binamu, aliyesema ni chakavu. Piga hesabu. Ford ya 1932 mwaka 1950 ilikuwa na miaka 18. Leo hiyo ni kama IST ya 2007 au 2008 hivi. Je, kijana wa Mbagala mwenye IST ya umri huo anaiacha iote kutu ili ionekane ya zamani? Anaiosha kila Jumapili. Vijana wale nao walipiga rangi pesa ilipopatikana, walishona viti, walipeleka vipuri kung'arishwa kwa kromu. Aliyeishiwa aliendesha na rangi ya chini, ile ya kijivu au nyekundu ya udongo, huku akidunduliza. Haya magari ya kutu iliyoachwa makusudi, yenye mafuvu na minyororo, ni mtindo uliokuja miongo mingi baadaye, na una jina lake, ratirodi. Wanaoupenda wana haki yao. Lakini usiuite jadi.

Kuna na tawi jingine, stritirodi: umbo la zamani, ila ndani mna injini ya kisasa ya kompyuta, gia za otomatiki na kiyoyozi. Ni starehe kuliendesha. Kwa kipimo cha jirani yangu, halipiti mlangoni.

Gari lake ni Model A ya milango miwili yenye paa, na kazi haikuanzia kwenye injini. Ilianzia kwenye karatasi. Kabla ya kununua alilinganisha namba iliyopigwa kwenye chesi na ile ya hati ya umiliki, tarakimu kwa tarakimu, kwa tochi na brashi ya waya. Gari likijengwa miaka mitano halafu likakataliwa kusajiliwa, hakuna pa kukata rufaa isipokuwa kwa mfuko wako.

Kisha chesi. Model A ilipewa injini ya silinda nne yenye nguvu za farasi 40, na chesi yake ilikatwa kwa kipimo hicho. Mihimili yake miwili ina umbo la mfereji, upande mmoja uko wazi. Shika boksi la viatu lisilo na upande mmoja, ulisokote: linajipinda. Bandika upande uliokosekana, usokote tena: limekaza. Ndicho anachofanya mjenzi. Anakata bamba la chuma, analichomelea ndani ya mfereji, mhimili unakuwa boksi. Mimi nilizoea kuchomelea mstari mmoja moja kwa moja, kazi iishe. Mzee alinizuia mkono. Moto ukikaa upande mmoja chuma kinavutwa, chesi inapinda kama ndizi, na gari litakwenda upandeupande maisha yake yote. Kwa hiyo alichomelea inchi moja mbele, akahamia nyuma inchi moja, akavuka upande wa pili, akaacha kipoe, akarudi. Jumamosi tatu nzima, na kila asubuhi alipima kutoka kona hadi kona kwa kamba kabla hajawasha mashine.

Ekseli ya mbele ni ya kipande kimoja, ndefu kutoka gurudumu hadi gurudumu, na springi yake imelala kwa upana wa gari badala ya kufuata urefu wake. Ili pua ishuke, wazee walitafuta ekseli iliyoshushwa: sehemu za miishoni zimepashwa moto na kuvutwa zipande juu, kwa hiyo katikati panashuka inchi kadhaa na chesi inashuka napo. Hapa nasema bila kupepesa: kazi ya kupinda ekseli usiifanye nyumbani. Nunua iliyofanywa na mwenye mitambo yake. Ekseli ikikatika hakuna kipuri cha akiba kinachokungoja pembeni.

Baada ya ekseli, breki. Breki kabla ya injini, na hili ndilo ningependa kila anayetazama zile video alishike, kwa sababu kamera zinapenda injini na breki hazionyeshwi. Ford ilishikilia breki za vyuma vya kuvuta hadi 1938. Ukikanyaga, fimbo zinavuta fimbo zingine hadi kwenye gurudumu, na fimbo moja ikilegea, gurudumu moja linakamata peke yake. Mwaka 1939 Ford ilihamia breki za mafuta, zile tunazozijua, zenye masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta hadi magurudumuni. Vijana wa miaka ya 1940 waliziona dhahabu. Walikwenda kwenye uwanja wa vyuma, wakavua breki za Ford za 1939 hadi 1948, wakazifunga kwenye magari ya miaka ya nyuma yake. Kwa hiyo breki za mafuta kwenye Model A si uvunjaji wa jadi. Ni jadi yenyewe. Jirani yangu amefunga seti ya 1940, ngoma zimekerezwa upya, viatu vya breki vipya, mabomba yote mapya. Mahali pamoja tu ameuvunja mwaka wake wa 1950: masta silinda yake ina vyumba viwili, ya mbele na ya nyuma mbalimbali. Ya zamani ilikuwa na chumba kimoja, bomba likipasuka popote unabaki na mguu wako hewani. Nilimwuliza kama hapo haoni amekiuka kanuni yake. Akanionyesha kiti cha abiria, akasema wajukuu zake ndio watakaokaa pale. Sikuwa na la kuongeza.

Sasa injini, na hapa nakaa kidogo, maana ndipo kijana wa Morogoro alipojikwaa.

Injini nyingi unazozijua zina valvu, vile vilango vya kuingizia hewa na kutolea moshi, juu, ndani ya silinda hedi. V8 ya Ford ya kuanzia 1932 hadi 1953 ina valvu pembeni mwa silinda, ndani ya bloku lenyewe. Silinda hedi haina kitu ndani ila njia za maji, nafasi ya moto na matundu ya plagi; ni bapa kama kifuniko cha sufuria, na ndiyo maana Wamarekani waliiita injini ya kichwa bapa. Ni rahisi kuielewa, rahisi kuifungua, na ukiiwasha ikiwa na eksozi iliyo wazi kidogo ina mngurumo mzito wa kutulia ambao ukiusikia mara moja unaujua siku zote.

Ina ugonjwa mmoja maarufu: inachemsha. Watu husema ni uzee. Si uzee, ilichemsha ikiwa mpya. Valvu ziko upande wa ndani wa ile V, lakini manifoldi ya moshi, bomba linaloupokea moshi, iko nje. Kwa hiyo moshi wa moto mkali lazima uvuke ndani ya bloku, katikati ya njia za maji, ndipo utoke. Ni kama kupitisha bomba la jiko la mkaa ndani ya tangi la maji ya kunywa halafu ushangae maji yamepata moto. Tena kila upande una silinda nne lakini matundu matatu tu ya kutolea moshi, mbili za kati zinagombea tundu moja, na hapo ndipo joto hujikusanya. Ford aliweka pampu mbili za maji, moja kila upande, ili kulikabili. Mjenzi wa leo anasaidia kwa rejeta kubwa na safi, feni inayovuta kweli, na zaidi ya yote kwa kusafisha bloku. Kwenye injini ya jirani, ya Ford ya 1948, tulitoa mchanga wa kalibu uliobaki tangu siku bloku lilipomiminwa kiwandani. Tuliuchokoa kwa waya mnene na kupuliza upepo, ukajaza nusu ya debe la rangi. Miaka zaidi ya sabini ulikuwa umekaa pale ukizuia maji.

Kabla ya hapo bloku lilipelekwa kwa fundi wa mashine kupimwa nyufa. Hizi injini hupenda kupasuka kati ya kiti cha valvu na silinda, na ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele. Anayenunua bloku kwa macho tu na kuanza kulipamba kwa vipuri vya bei anaweza kumwaga pesa kwenye jiwe. Na hapa nitoe neno kuhusu hadithi ya "alijenga yote peke yake gerejini". Hakuna anayejenga yote. Kuchonga silinda, kusawazisha krankshafti, kukereza ngoma, hizo ni kazi za mashine kubwa. Wazee wa 1950 nao walipeleka nje. Nyumbani unachomelea, unafungua, unafunga, unapima, unarudia. Ukiwa na mashine ya kuchomelea, grinda, drili, jeki na stendi imara, winchi ya kunyanyulia injini na spana nzuri, umefika mbali. Usisahau kizima moto, na usiwashe injini mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu ule moshi unaua kimya na chumba kile kimeungana na vyumba mnamolala.

Nguvu je? Injini ya 1948 ilitoka kiwandani na ujazo wa inchi 239, kama lita 3.9, na nguvu za farasi 100. Ikitengenezwa vizuri kwa matumizi ya barabarani, kufika 150 ni jambo la kujivunia. Land Cruiser ya 200 yenye V8 ya petroli inapita 250 bila jasho. Kwa hiyo hapana, haiishindi. Kinachokudanganya machoni ni zile kabureta tatu zilizopangwa mstari juu ya injini. Ni Stromberg 97, na hiyo 97 ni upana wa koo lake, sehemu 97 za mia za inchi. Watu wanahesabu kabureta kama nyota za jenerali. Lakini kumpa mtu mirija mitatu ya kunywea hakumwongezei mapafu. Injini inavuta kadiri inavyoweza kuvuta. Kwanza kamshafti ifungue valvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi, hedi ziwe za kubana zaidi, moshi upate njia pana ya kutoka, ndipo kabureta ya pili au ya tatu iwe na kazi. Bila hayo, kabureta tatu zinakupa gari linalokohoa na kunuka petroli. Jirani amefunga mbili.

Kwa faida ya atakayeuliza: kilichoimaliza enzi ya kichwa bapa ni V8 zenye valvu juu. Oldsmobile na Cadillac walizitoa 1949, Chrysler 1951, na 1955 Chevrolet wakaleta ya inchi 265, nyepesi, yenye nguvu 162 moja kwa moja kutoka kiwandani. Kijana wa 1957 alikuwa na haki ya kuifunga kwenye Ford yake ya 1932, na akifanya hivyo hotirodi yake ni ya jadi kabisa. Wa 1950 hana. Unaona jinsi mwaka unavyoamua kila kitu?

Turudi kwenye paa, maana ndipo tulipoanzia. Kukata paa si kukata mabati na kuyashusha. Chukua sufuria iliyonyooka ubavu, uikate katikati, utoe mkanda wa inchi tatu, urudishe juu: linakaa sawasawa. Sasa chukua kikapu kilichopanuka chini na chembamba juu, ufanye vile vile: sehemu ya juu haitoshi, kingo hazikutani. Paa la Model A linakaribia kuwa sufuria, kioo chake cha mbele kimesimama wima, kwa hiyo lina nafuu. Paa la Ford ya 1934 ni kikapu, nguzo zimelala, na fundi lazima apasue paa na kulirefusha ili likutane na nguzo zake. Kabla ya kukata, mzee alichomelea vyuma vya msalaba ndani ya bodi ili isipanuke itakapopoteza kofia yake. Alipima Jumamosi mbili, akabandika utepe kila nguzo, akaandika namba. Kukata kwenyewe hakukufika saa moja. Paa liliposhuka na kukaa, alifunga mlango, na mlango ukaingia kwa mlio mmoja mfupi. Alirudia kuufungua na kuufunga mara tatu, hakusema kitu.

Umeme wa Ford za wakati ule ulikuwa wa volti 6, na waya chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kinyume cha tulivyozoea. Wengi hupandisha volti 12 na hakuna anayewalaumu sana. Gia boksi ni ya Ford ya 1939, gia tatu, na boksi la usukani limetoka kwenye pikapu ya Ford F-1. Rangi bado. Kwa sasa ni ya chini tu, ya kijivu, na binamu yangu akiiona atasema si alisema.

Siku ya kuwasha, injini ilishika mara ya pili. Ikanguruma dakika chache, sindano ya joto ikapanda taratibu, ikasimama. Ndipo nikaona tone la maji linachungulia pembeni mwa nati moja ya hedi ya kushoto. Kwenye injini hizi bolti zinazoshika hedi zimepita hadi kwenye njia ya maji, kila moja lazima ipakwe gundi ya kuziba kwenye nyuzi zake. Ile moja nilikuwa nimeiingiza mimi, na sikuipaka. Mzee alizima injini, akaniambia tuiache ipoe hadi kesho, kwa sababu hedi zake ni za aluminiamu na zinakazwa zikiwa baridi.

Kesho yake asubuhi tulimwaga maji, tukaitoa ile bolti, tukaipaka, tukairudisha. Kisha tukazipitia zote upya kwa spana ya kupimia, kuanzia katikati kwenda nje, 24 kila upande. Yeye alikaza za kulia, mimi nikakaza za kushoto, nikihesabu kwa sauti hadi ya mwisho.